Pumzi Moja kwa Kila Uzi

Mtandao unashika vizuri kando ya tangi la maji la kanisa tu. Kwa hivyo kila jioni Nzilani na mjukuu wake Nduku walibeba viti vyao hadi hapo, mmoja akisoma kwa simu, mwingine akisokota katani kwenye paja. Nduku alikuwa muuguzi wa pekee katika zahanati yao, nusu saa kutoka Mutomo. Alikuwa amepata masomo ya bure ya madaktari wa mbali, yanayofundisha kumshika mgonjwa mahututi asiponyoke. Nzilani aliishia darasa la saba, lakini kitu hakikupita mbele yake bila kuulizwa kimetoka wapi na kinakwenda wapi.

Jioni moja Nduku alikuja na kifuko cha mpira cha kumpa pumzi mtu aliyeacha kupumua. Ukikibana, hewa inaingia kifuani. Ukikiachilia, kinajijaza chenyewe. Mahali pa mapafu alikuwa amefunga glavu. Akabana, pu, pu, pu, vidole vitano vya glavu vikasimama kama vimeona askari.

Mwalimu wa simu akasema neno kwa Kiingereza. Nduku akalifasiri: "Anasema polepole. Pumzi moja, halafu uhesabu hadi tano."

Nzilani aliacha kusokota. "Mtu anakufa, na yeye anasema polepole? Kwa nini?"

"Susu, si mimi nimesema," Nduku alimjibu bibi yake.

"Muulize."

"Hii ni video, susu. Haisikii."

"Basi irudishe nyuma. Mtu mwenye akili hasemi jambo la kushangaza hivyo halafu aende zake."

Waliirudisha mara tatu, na kweli sababu ilikuwa humo. Kifua kikijazwa tena kabla hakijajimwaga, damu inakosa nafasi ya kurudi moyoni. Tena mkono wa mwenye hofu hukimbia bila mwenyewe kujua.

"Kumbe ni kama uzi," Nzilani alisema. "Ukiuvuta kabla katani haijashikana, unakatika. Hebu lete."

Akabana, huku moyoni akisokota: peleka, rudisha, vuta, ongeza katani. Kisha tena. Vidole vya glavu vikainuka, vikalala. Nduku akampima kwa saa ya simu.

"Sekunde sita, sita, sita! Susu, umenishinda mimi na cheti changu."

"Cheti chako ni cha juzi. Paja langu lina miaka sitini ya kazi."

Alhamisi Nzilani alikuwa zahanati, amempelekea Nduku isyo ya mchana, mahindi na maharagwe bado ya moto, wakati Mulwa alipoletwa kwa pikipiki. Mulwa alirina asali tangu utoto. Siku hiyo alitia mkono kwenye mzinga wa gogo bila kuugonga kwanza, na nyuki walikuwa wamehama zamani. Aliyekuwa ndani ni nyoka mrefu wa kijivu. Kope za Mulwa zilikuwa zimelegea, ulimi umekuwa mzito. Alitaka kusema jina la mkewe, akashindwa. Halafu kifua kikatulia.

Dawa ya sumu ilikuwa hospitali ya Mutomo. Gari pekee lililokuwapo lilikuwa la Adow, mfanyabiashara wa mbuzi aliyekuja kufungwa kidonda. Wakamlaza Mulwa nyuma, penye harufu ya mbuzi. Nduku akashika kinyago cha kile kifuko usoni kwa Mulwa kwa mikono miwili, maana kikiachia tu, hewa inatoroka.

"Susu, bana!"

Barabara ilikuwa mashimo matupu. Midomo ya Mulwa ilikuwa na rangi ya jivu, na moyo wa Nzilani ulienda mbio, mkono nao ukitaka kuufuata.

"Mama, haraka!" Adow alipiga kelele dirishani. "Huyu anaenda! Finya haraka!"

"Haraka ni yako na hilo gari! Mimi niachie polepole yangu!"

Akafumba macho, akaanza kusema kwa sauti. "Peleka. Rudisha. Vuta. Ongeza katani."

"Kinapanda," Nduku alisema, macho kifuani. "Kinashuka."

Mkono wa kulia ulipokufa ganzi alihamia wa kushoto, na uzi haukukatika hadi lango la hospitali.

Wiki mbili baadaye Mulwa alikuja na chupa ya asali, akitembea mwenyewe.

"Macho yalikataa, mdomo ulikataa," alisema. "Lakini masikio yalikuwa hapo, mama. Nilisikia hata vile ulimgombeza Adow."

Nzilani akaweka katani chini. "Ulisikia? Yote?"

"Yote. Nilikuwa nimezikwa ndani yangu. Lakini ukisema 'ongeza katani', najua hewa inafuata. Nikawa nangoja hapo tu."

Nzilani alimwuliza kila kitu: kama hewa ilikuwa baridi, kama kinyago kilinuka, kama aliogopa zaidi kwenye mashimo. Jioni akawahi tangini kabla ya Nduku.

"Yule mwalimu hakusema kwamba mgonjwa anaweza kusikia."

"Labda ni somo la mbele. Na video haisikii, susu, nilikwambia."

"Lakini hapo chini ya video watu wanaandika, nimeona. Andika. Mwambie anayebana aongee, aseme pumzi inakuja lini. Andika Mulwa ndiye amesema, na yuko hai."

Nduku akaanza kuandika. Nzilani akavuta kiti karibu, aone kama ataruka neno.