Ulimi Nje, Saa Sita Mchana

Tangu volkano ya mwaka 2021, mke wangu Valérie hajawahi kulala kabla yangu. Hukaa kitandani ameegemea ukuta wa mbao, mkono juu ya kifua changu, akisubiri pumzi yangu ikatike ili anifinye. Mbavu zangu zina alama. Macho yake yameingia ndani, naye hataki kusikia neno lolote kuhusu kupumzika.

Mwanzoni tulisingizia mazuku, ile hewa mbaya inayotoka kwenye nyufa za mawe na kuua mbuzi kimyakimya. Nani Goma asingefikiri hivyo? Ardhi ilikuwa imepasuka, na mimi niliamka kila asubuhi kichwa kinagonga, koo limekauka. Mazuku hukaa chini, basi nikainua kitanda juu ya matofali. Nikaongeza matofali. Tukahama nyumba mara mbili. Mwishowe nilikuwa napanda kitandani kwa ngazi, mimi Twagirayezu, mtu wa miaka hamsini na miwili, na bado nilikabwa. Tulikuwa wajinga, nasema wazi.

Darius, mtoto wa dada yangu, ni muuguzi. Alinilaza mchana kwenye mkeka, akashika saa.

"Mujomba, pumuzi yako iko inakatika mara vingt-deux mu saa moja. Haiko mazuku. Ni koo njo inalegea na kujifunga."

Kuna mashine ya kumpulizia mtu hewa usiku kucha, lakini inataka umeme, na umeme wetu unaujua. Basi akaniwekea programu kwenye simu: mazoezi ya ulimi na koo, mara tatu kwa siku, miezi mitatu. Sauti ya mwanamke huamuru kwa Kifaransa, "Tirez la langue!", nami natoa ulimi kuelekea kidevuni, mara ishirini. Kisha nausukuma juu kwenye kaakaa. Kisha nasema "aaa" ndefu mpaka mashavu yaume.

Kazi yangu ni chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao isiyo na pedali; nateremsha viazi kutoka Kibati. Nilikuwa nasinzia juu yake kwenye mteremko, na sijui nimeponaje. Basi mazoezi ya saa sita hunikuta barabarani. Wenzangu wakaniita Papa Ulimi. Wacheke tu. Waasi walipoingia mjini, mabomu yakitikisa mabati, nilifanya mazoezi chini ya meza. Sikuacha hata siku moja. Wiki ya nane Darius akahesabu tena: kutoka ishirini na mbili, tisa.

Valérie hakushawishika hata kidogo.

"Ni telefone njo inakulinda," alisema. "Siku batakunyanganya, utaacha, utakufa. Mi sitalala."

Na kweli wakaninyang'anya. Ilikuwa Alhamisi, kwenye kizuizi cha waasi chini ya Kibati. Nilikuwa kwenye foleni na magunia yangu, simu ikalia mfukoni: "Tirez la langue!" Askari mwenye ndevu akageuka.

"Nani anaongea?"

"Ni dawa, chef."

"Dawa inasema Kifaransa?" Akaichukua, akasikiliza. "Hii ni code. Weye uko espion, jasusi. Futa hii kintu."

"Sifuti."

Niliogopa, sikatai, lakini hasira ilikuwa imetangulia.

"Niko nakufa mu usingizi kila usiku, miaka mine," nikamwambia. "Kama unataka kuniua, niue niko macho."

Akaitia simu yangu mfukoni mwake. Alidhani yameisha. Nikalaza chukudu chini, nikamkabili, nikatoa ulimi. Wote.

"Unanitukana?"

"Ni mazoezi ya midi, ya saa sita. Hesabu." Nikautoa tena.

Aliishika bunduki vizuri. Nyuma yangu mama mmoja mwenye mzigo wa sombe, majani ya muhogo, akasema, "Trois." Mwingine akasema, "Quatre." Kisha foleni nzima ikahesabu mpaka vingt, ishirini kamili, na yule bwana hakujua amtishe nani. Nikafanya la kaakaa. Nikamtolea "aaa" ndefu mbele ya ndevu zake, nikaona raha ambayo sijaionja tangu waingie mjini.

"Pita, muzee, pita!" akafoka. Simu akabaki nayo.

Nyumbani nilimweleza Valérie yote, nikingoja anikaripie. Akaniuliza:

"Sasa nani alikuambia ya kufanya kisha ile ya ulimi?"

"Hakuna mutu. Mi nayijua."

"Yote?"

"Yote."

"Nionyeshe."

Nikamwonyesha, mwanzo hadi mwisho, yeye akihesabu. Jua lilikuwa bado linachoma mabati. Nilipomaliza alifungua kitambaa chake cha kichwa, akapanda kitandani, akageukia ukuta. Kabla sijavua viatu alikuwa anakoroma. Nikajilaza kando yake, nikafumba macho, bila mkono wa mtu kifuani.