Nyuki wa Maundu

Muuguzi Nthambi alikuwa anafuta pampu ya insulini kwa pamba yenye spiriti, akianzia kwenye vitufe na kumalizia kwenye waya, wakati nyuki wa Maundu walipoingia wodi ya wagonjwa mahututi. Walipitia dirishani kwa mstari, wakatua kwenye mto wa mwenye kuwafuga. Walikuwa wametoka kwenye mizinga yake, huko Kathiani.

Munyiva, mke wa mgonjwa, aliwasalimia kwa Kikamba, kisha akaomba beseni la maji na vijiti vya kukanyagia, wasije wakazama.

"Asi, mwiitu wakwa, usiwapungie mkono," Munyiva alimwambia Nthambi, akimwita binti yake. "Hao ni watu wa nyumbani."

"Siwezi, mwaitu, mama yangu. Hata sisi kwetu Muthetheni tuko na mizinga."

Maundu alikuwa hajitambui. Kidonda cha mguu kilikuwa kimeingiza uchafu kwenye damu, na sukari ilikuwa imepanda ikakataa kushuka. Mgonjwa kama huyo hupewa insulini kidogo kidogo, na kila saa muuguzi humdunga kidole apime tone la damu, ndipo ajue kama ataongeza au atapunguza. Dawa ikipungua, sukari inamla. Ikizidi, inamzima kama koroboi. Lakini vibanzi vya kupimia vilikuwa vimeisha. Stoo ilisema vinakuja, na ilikuwa imesema hivyo tangu mahindi yakiwa ya kupaliliwa, na sasa yalikuwa yamekauka shambani.

Nthambi alikuwa amebakiwa na kibanzi kimoja mfukoni. Alikitumia kumpima Maundu, apate kulinganisha kipimo na nyuki. Sukari ilikuwa juu sana, na nyuki walikuwa wamejaa mpaka maua ya foronya hayaonekani. Akaongeza dawa. Nyuki wakaanza kupungua taratibu, wakabaki wachache kwenye ncha ya kidole kile kile kinachodungwa. Toka hapo akawa anawafuata wao: wakijaa anaongeza dawa, wakipungua anapunguza.

Alipokwenda kunywa chai, alimwachia kitanda Jeremiah, muuguzi mwenzake, ambaye naye ni mtoto wa mfugaji nyuki. Aliporudi, maua ya foronya yalikuwa yanaonekana yote, na kidole hakikuwa na hata nyuki mmoja.

"Wako wapi?"

"Si wameenda maji," Jeremiah alisema bila kugeuka. "Jua likiwaka hivi nyuki wanaenda maji. Wewe ni Mkamba wa wapi?"

Nthambi alitazama beseni. Vijiti vilikuwa vikavu. Nyuki wote walikuwa wameshikamana kwenye chuma cha dirisha, kimya, wametazama nje kama watu wanaongojea jeneza litoke. Akamgusa Maundu shingoni. Alikuwa baridi, na jasho lilikuwa limelowesha shuka.

Alizima pampu. Akavunja chupa ya maji ya sukari, akamsukumia mshipani, polepole, maana mshipa wake ulikuwa mwembamba. Munyiva alishika ukingo wa kitanda. Nyuki mmoja alitoka dirishani, akazunguka, akatua kidoleni. Kisha wa pili. Maundu akafungua macho, akamtazama mkewe.

"Nani ameacha wazi mlango wa mbuzi?"

"Lala," Munyiva alimwambia. "Nimeufunga."

Maundu alipopata nafuu alihamishiwa wodi ya kawaida, na nyuki wakamfuata koridoni, juu ya machela, wakiinama kila walipofika mlangoni.

Bwana Wesley wa ofisini alikuja kumshukuru Nthambi. Alisema habari zimefika juu na watu wamefurahi. Kwa kuwa wodi hii sasa inajipimia yenyewe, ofisi ilikuwa imekata vibanzi kwenye oda yao.

"Nyuki wameenda na mwenyewe," Nthambi alimwambia.

"Wataitwa wengine. Nyinyi mko na njia zenu."

Kitandani pa Maundu palikuwa pameshalazwa Bisharo, mama wa soko la mifugo, sukari juu, hajitambui. Nthambi aliwasha pampu kwa kipimo kidogo kabisa, kisha akamgeukia binti yake, Rahmo.

"Nyumbani mnafuga nyuki?"

"Hapana, sista. Tuko na mbuzi tu."

"Mama yako anawapenda?"

"Kuliko sisi."

Nthambi akapiga simu langoni, akasema kuna mbuzi watakuja, wasizuiwe. Mlinzi akauliza awaandike kama wageni au kama vifaa.

"Vifaa," alisema Nthambi, akarudi kitandani kushika mkono wa mgonjwa, kusikiliza kama umeanza kupoa.