Miti ya Ilembelezi Yaja Kupimwa

Siku ya Jumanne, tarehe 14 Mei 2024, saa moja na robo asubuhi, Theodora alifungua dirisha la ofisi ya misitu iliyo pembezoni mwa mji wa Tabora, kando ya njia ya zamani ya misafara iendayo Ujiji. Akafuta vumbi mezani, akachonga penseli mbili. Huo ulikuwa mwaka wake wa kumi na mmoja akiwa afisa misitu msaidizi. Katika miaka hiyo alikuwa amejaza vibali vya kuvuna magogo, amepanga majalada na kuwakaribisha wageni, lakini hakuwahi kutumwa msituni hata siku moja, ingawa chuoni alifundishwa kuutambua mti kwa jani lake, kwa gome lake na kwa harufu yake.

Mwezi huo ilitakiwa miti mikubwa ya Msitu wa Ilembelezi ipimwe mmoja mmoja. Ambaye angesimamia kazi hiyo angepewa cheo cha Msimamizi wa Msitu, pamoja na nyundo ya chuma yenye alama ya ofisi. Gogo lisilogongwa kwa nyundo hiyo haliruhusiwi kutoka. Nyundo ilining'inia ukutani, nyuma ya kiti cha meneja, Mzee Anton, na ilikuwa desturi ya ofisi kwamba mwanamke haishiki. Ilisemekana akiishika, mininga yote itatoka damu. Theodora alijua kwamba mninga hutoa utomvu mwekundu ukikatwa na mtu yeyote, hata akiwa askofu.

Alikuwa ameandika barua ya kuomba cheo hicho. Ilikuwa barua yake ya tatu.

"Mama, hema la kambini ni moja," Mzee Anton alimjibu Ijumaa iliyotangulia. "Utalala wapi? Na mumeo tumwambie nini?"

"Mume wangu niachieni mimi, Mzee. Na hema nitashona la kwangu."

Emilian, kijana aliyeajiriwa miaka miwili nyuma na ambaye Theodora ndiye aliyemfundisha kujaza daftari la vipimo, aliangua kicheko. "Dada Theo, mti hupimwa kwenye kimo cha kifua. Kifua cha mwanaume, siyo chako."

"Kitabu kimesema mita moja na sentimita thelathini, Emilian. Hakikusema ni za nani."

Mzee Anton alifunga jalada. "Msitu hauji ofisini, mama. Anayeutaka anaufuata."

Jumatatu, Emilian na wanaume wanne walipakia hema garini wakaelekea Ilembelezi. Jumanne, msitu ulikuja ofisini.

Ulitangulia mninga mmoja, umeinua mizizi yake kidogo kama mwanamke anavyoinua pindo la kanga avukapo tope, ukasimama langoni. Nyuma yake ulifuata mtundu, kisha mkurungu, kisha mininga mingine na mingine, kwa mstari mmoja, kwa sababu ndivyo wapagazi walivyoizoeza njia ile. Mizinga ya magome ilikuwa bado matawini, na nyuki walikuwa kazini. Mstari ulikwenda magharibi mpaka macho yaliposhindwa kuufuata. Hapakuwa na kishindo, ila mchakacho wa majani mengi yanayojitahidi kunyamaza, na harufu ya asali iliyoingia ofisini ikakaa.

Consolatha, mpokezi, aliandika katika kitabu cha wageni: Jina, Mninga. Anakotoka, Ilembelezi. Shida, kupimwa. Penye nafasi ya sahihi mti ulidondosha tone moja la utomvu, naye akalipuliza likauke.

"Theo, una wageni," alisema. "Nimewaambia wapange foleni, wamepanga."

Theodora alichukua utepe wa kupimia, daftari na penseli zake, akatoka. Utepe aliushika kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhiwa mtoto mchanga. Alipouzungusha utepe kwenye shina la kwanza, mti ulitulia, jani hata moja lisitikisike, mpaka alipomaliza kuandika. Kisha ukasogea pembeni kuupisha wa pili.

Saa tatu alifika Mabruki, dereva wa bodaboda, akiwa na abiria wa kwenda stesheni. "Shikamoo mama misitu! Waombe wageni wako watupishe kidogo, huyu treni itamwacha."

"Marahaba. Subiri nimalize huyu."

Miti ikabana mizizi, pikipiki ikapita, abiria akaonekana akipangusa nyuki mmoja begani.

Kazi iliendelea siku kumi na tisa. Jioni Theodora alipofunga daftari, miti ililala pale ilipokuwa, na asubuhi aliikuta imesimama katika nafasi ileile, isipokuwa mtundu mmoja uliojaribu kuwapita wenzake na kurudishwa nyuma. Wanawake wa mtaa wa Ng'ambo walikuja kuokota kuni zilizojiangukia, wakamsalimu, wakaketi kivulini kumtazama. Mmoja wao, bibi mwuza karanga aitwaye Ngollo, alimwuliza kama kazi ile ilikuwa na jina.

"Ina jina, bibi. Ni Msimamizi wa Msitu."

"Basi wewe ndiye."

"Bado hawajaniandika."

"Kumbe hujaandikwa tu," alisema Ngollo, akaendelea kumenya.

Siku ya mwisho ulikuja mninga mkubwa kuliko yote. Utepe haukutosha, ikabidi aunganishe na kamba. Kwenye shina, upande mmoja, palikuwa na bonde laini lililosuguliwa na migongo ya wapagazi walioegemea pale kupumzika kwa miaka mingi. Lilikuwa chini sana kwa mgongo wa mwanaume. Theodora aligeuka, akaegemea, na bonde likampokea kuanzia mabegani hadi kiunoni. Nyuma ya gome akasikia pumzi za wanawake wengi, waliobeba vyungu na unga na watoto wao juu ya hayo, wakipumua taratibu kama watu waliotua mzigo dakika hiyo. Alikaa nao mpaka jua likateremka. Kisha akaandika kipimo: mti wa elfu sita mia mbili na kumi na nne.

Kesho yake miti ilirudi Ilembelezi, na wanaume wakarudi kutoka huko. Walikuwa wamenenepa kidogo. Daftari la Emilian lilikuwa safi.

Mzee Anton alisoma daftari la Theodora kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, akasema hajawahi kuona vipimo vilivyonyooka hivyo. Kisha akaiondoa nyundo ukutani, akampa Emilian.

"Mzee," alisema Theodora, "miti nimeipima mimi."

"Hakuna anayekataa, mama. Umeipima vizuri kabisa. Lakini umeipimia ofisini, na cheo hiki ni cha msituni."

"Na msituni kulikuwa na nini?"

Mzee Anton alimgeukia Emilian.

"Mashimo, dada," alisema Emilian. "Mengi sana."

"Kwa hiyo amesimamia mashimo."

"Ameyasimamia akiwa huko," alisema Mzee Anton, kwa upole, kama mtu anayemfafanulia mgeni njia. "Kibali kilisema siku kumi na tisa msituni, naye amezimaliza."

Emilian aliipima nyundo mkononi, akakwepa macho ya Theodora. "Utanielekeza lakini, dada Theo? Mkurungu na mninga hunichanganya."

"Nitakuelekeza," alisema, kwa sababu miti ilikuwa na haki ya kuitwa kwa majina yake.

Orodha ya miti ilipelekwa juu ikiwa na sahihi ya Emilian. Tangu hapo, kila Jumanne miti kadhaa huja kupimwa, na ofisi imepanua lango ili isikwaruzike. Mti unaoumwa huja hata siku isiyo yake, ukagusa dirisha kwa tawi. Theodora hutoka, huuliza panapouma, hulaza kiganja kwenye gome, na mti huinama mpaka majani yake yakamfunika asionekane. Barabarani watu huvua kofia wapitapo. Barua yake ya nne imo ndani ya jalada.

Jina lake halimo katika orodha ile, wala halitaingizwa. Basi wewe uliyefika hapa, mpe jirani yako karatasi hii aisome, na asiyejua kusoma msomee polepole, ajue kwamba aliyeipima miti ya Ilembelezi, yote elfu sita mia mbili na kumi na minne, ni mwanamke, anaitwa Theodora.