Visiki vya Josepha

Mibuni yote ilikuwa imelala chini. Nilizima pikipiki kando ya migomba, nikabaki nimeduwaa na helmeti mkononi. Miti mia mbili na kumi na minne ambayo marehemu mume wa Josepha aliipanda kwa mikono yake, sasa vimebaki visiki visivyofika goti. Josepha mwenyewe alikuwa ameketi juu ya kisiki kimoja, akisafisha meno ya msumeno kwa kijiti.

"Mwakeye, bibi shamba," alinisalimu kwa Kiha.

Hata salamu sikuitikia. "Mama, nilisema safu moja! Safu moja mwaka huu, nyingine mwakani!"

"Nilisikia." Alipuliza unga wa mbao. "Nikate leo, nikate mwakani, nikate tena mwaka wa tatu. Marehemu nimlilie mara ngapi, mwanangu?"

Ilikuwa Septemba 2012, mvua bado, na mimi nina miezi sita tu Kasulu. Wiki mbili kabla nilikuwa nimesimama mbele ya wakulima na kitabu changu cha chuo, cha Kiingereza, kilichosema mbuni mzee ukatwe ili u-*renew*. Neno hilo nilikuwa nalijua. Nilishalitumia kwa leseni ya pikipiki, kwa mkataba wa chumba, kwa kadi ya maktaba. Kwa mti, kamwe. Nikawaambia mti utakuwa mpya, wakate mshazari ili maji yasituame.

Josepha akanyoosha mkono. "Wewe umeona kwa macho yako?"

"Nimeona," nilijibu upesi.

Uongo mtupu. Mimi ni mtoto wa Pangani, nimekulia kwenye minazi. Mbuni nilikutana nao hukuhuku.

Na uongo ule ulikuwa na bei yake, ila wa kuilipa sikuwa mimi. Josepha hakujaliwa mtoto, na shemeji yake, Tharsisi, alikuwa akitangaza hadharani kwamba kinachomweka pale ni kahawa ya kaka yake tu. Kahawa ikifa, arudi kwao. Jioni ya siku ile mibuni ilipokatwa alikuja, akavitazama visiki, akacheka. Akasema atangoja hadi Krismasi, kisha apande mihogo.

Mvua zikaanza. Maharage aliyoyapanda Josepha katikati ya visiki yakachipua kwa fujo, visiki vyenyewe vikanyamaza. Kila nilipopita, nikipishana na malori yaliyowarudisha Burundi wakimbizi wa kambi ya Mtabila, nilikwangua ganda la kisiki kwa ukucha. Kikavu. Nilitamani niombe uhamisho.

Mwishoni mwa Novemba alinipigia simu. "Njoo," alisema, akakata.

Niliendesha hadi shambani. Alinishika mkono, akaniinamisha kwenye kisiki cha kwanza. Ganda lile gumu lilikuwa limetobolewa kutoka ndani, pande zote, na vitu laini kama sikio la mwanambuzi. Majani mawili mawili, ya kijani inayong'aa. Nikaenda kisiki cha pili, cha kumi, cha hamsini. Kote. Nilipiga magoti kwenye tope nikalia, na sioni aibu kulisema. Niliogopa, kama mtu aliyeingia chumba cha watu bila kubisha hodi.

Krismasi Tharsisi alikuja, akazunguka shamba, akaondoka, mihogo hakuipanda. Mwaka 2014, matawi yalipoinama kwa kahawa, alirudi kuazima msumeno. Lakini hayo ni ya baadaye. Siku ile Josepha aliniacha nilie nimalize.

"Kumbe hukuwahi kuona," alisema.

"Sikuwahi, mama. Nisamehe."

"Nilijua tangu siku ile. Ulijibu upesi mno."

"Sasa mbona ukakata?"

Aligusa chipukizi kwa ncha ya kidole, taratibu, asiliumize.

"Ilikuwa imezeeka, na mimi nimezeeka. Nilitaka kujua."

Tulikaa hapo hadi manyunyu yakaanza. Ndipo akaniuliza kesho nakwenda wapi. Nikamwambia Muyama, kuwafundisha wakulima.

"Haya," alisema, akinifuta tope kwenye goti kwa kanga yake. "Wakikuuliza, sema umeona."