Maji Huita Maji

Siku aliyofariki mume wangu, bomba la chooni lilinyamaza. Wengine walisikia vilio. Mimi nilisikia ule ukimya.

Miaka yake ya mwisho, kila akiingia chooni alifungua maji kwanza. Yalimwagika kwenye ndoo, yakakatika, yakaanza tena. Nikimuuliza, alisema ananawa. Kumbe mkojo ulikuwa unamtoka kwa matone, na hakutaka mtu asikie anavyohangaika. Tulipofika hospitali, saratani ya tezi dume ilikuwa imeshaingia kwenye mifupa.

Pale hospitali palikuwa na daktari mtafiti, mama mmoja mpole, aliyekuwa akichunguza kama ugonjwa huo hufuata ukoo. Mume wangu alikubali wachukue kipande cha tezi yake wakihifadhi. Yule mama akamuuliza baba yake alikufa kwa ugonjwa gani.

"Mgongo," akajibu.

"Una ndugu wa kiume?"

"Mmoja, mdogo wangu."

"Mwambie aje tumpime."

"Nitamwambia."

Tulipotoka nje akaniuliza, "Mambo ya huko chini, namwambiaje mdogo wangu?" Akafa hajamwambia.

Baada ya mazishi watu walitawanyika. Shemeji yangu, huyo mdogo wake, akabaki kunizibia paa lililokuwa likivuja. Mchana mmoja nilikuwa nachambua mchele, nikasikia bomba la chooni likifunguliwa. Maji yakaanguka kwenye ndoo. Yakakatika. Yakaanza tena.

Ungo ulinitoka mikononi. Nikajikuta mbele ya mlango ule, nangoja kikohozi cha mume wangu. Sikuogopa. Nilichotaka ni atoke tu, hata kama ni mzimu. Mlango ukafunguka, na shati lililotokea lilikuwa lake, lile la mistari. Aliyelivaa alikuwa shemeji. Nilimpa mwenyewe tulipogawa nguo.

"Shemeji, ulikuwa unafanya nini humo?"

"Nanawa."

Nikamshika mikono. Ilikuwa mikavu.

Akacheka. "Siku hizi umekuwa mlinzi wa choo?"

"Ulianza lini kufungua maji?"

"Aa, shemeji, maji huita maji. Baba alikuwa akifanya hivyo, kaka naye, na mimi pia. Wanaume wa kwetu ndivyo tulivyo."

"Baba naye?"

"Mpaka mgongo ulipomlaza."

Nikakaa chini palepale. Nikamweleza kila kitu: yale matone, ile mifupa, na ujumbe ambao kaka yake alishindwa kumfikishia. Alisikiliza huku akikuna ukuta kwa ukucha.

"Mficha maradhi..." nikaanza.

"Usinianzie methali, shemeji. Nimezeeka tu."

"Kaka yako naye alizeeka hivyohivyo. Shati hilo sitaligawa mara ya pili."

Alipanda juu ya paa akagonga misumari mpaka jua likazama. Siku kadhaa alinipita kama hanioni, na bomba likaendelea kuimba. Kila lilipofunguka, moyo wangu ulikimbilia kwa marehemu kabla sijaukumbusha. Kisha asubuhi moja, akinywa chai, akaniuliza hospitali hufunguliwa saa ngapi.

Mtafiti alinikumbuka. Kabla ya kutolewa damu, shemeji akauliza kama ni kweli kuna kitu cha kaka yake kimebaki pale. Akaletewa kipande cheupe cha nta chenye doa la hudhurungi katikati, dogo kama punje ya kunde. Hiyo ndiyo tezi, mama akasema, iliyozuiwa na nta isiharibike. Kumbe kuna sehemu ya mume wangu ambayo hatukuizika.

Shemeji aliitazama bila kuigusa.

"Shikamoo, kaka," akasema.

Kisha akakunja mkono wa shati.

Vipimo vimeonyesha kuwa ugonjwa anao, ila haujatoka nje ya tezi. Vijana wake wawili ameshawaambia, kwa mdomo wake mwenyewe. Upasuaji ni Jumanne, na mimi ndiye nitakayemuuguza.