Ubao wa Mchagoni

Koki hakuwa mtu wa kuwaonea wivu walio hai. Mwenzake akinunua pikipiki, alimpongeza. Akijenga nyumba, alikwenda kumfungia mabomba kwa bei ya urafiki. Mtu aliyemkosesha usingizi alikuwa kaburini tangu zamani, na alikuwa mume wa kwanza wa mkewe.

Marehemu alikuwa seremala. Mjane wake alipoolewa na Koki alikuja na masufuria, cherehani na kitanda. Kitanda chenyewe kilikuwa cha kawaida, ila ubao wake wa mchagoni, upande wa kichwa, ulikuwa umechongwa ndege wawili juu ya tawi, mmoja akijisafisha manyoya, mwingine amegeuza shingo kumtazama mwenziwe. Ungeapa kwamba ukipiga kofi wangeruka. Na Koki, fundi bomba aliyepewa jina hilo kwa kuwa hapakuwa na koki inayovuja iliyomshinda, alilala chini ya ndege hao kila siku Mungu aliyoileta, na kila siku alijiona yeye ndiye mgeni chumbani.

Kila aliyeingia aliwasifu. Shemeji yake, dada mkubwa wa mkewe, ndiye aliyezidi. Jumapili moja alikuja kumjulia hali mdogo wake aliyekuwa na homa. Akakaa ukingoni mwa kitanda, akapitisha kidole kwenye bawa la ndege, akasema, "Mkono wa marehemu huu. Mkono kama ule hauzaliwi mara mbili."

Koki alikuwa amesimama mlangoni na bilauri ya maji. Alimtazama mkewe aone atajibu nini. Mkewe alitabasamu kidogo, akageukia ukutani. Tabasamu lile lilimchoma Koki kuliko maneno ya shemeji. Mtu aliye hai utamshinda tu, maana ipo siku atanenepa, ataudhi, atasahau kuleta mkate. Marehemu hakoromi. Marehemu hasahau kitu.

Basi wiki ile Koki akaanza kulalamikia shingo. Ubao ni mgumu, alisema, unamuumiza akiegemea. Kuna hoteli aliyokwenda kuzibua mabomba, vitanda vyake vyote vina michago ya sponji iliyovikwa kitambaa, ukiegemea ni kama umebebwa mgongoni. Atatengeneza wa namna ile kwa mikono yake. Alikuwa amejiandaa kwa ubishi, majibu yote ameyapanga. Mkewe akasema tu, "Tengeneza, baba," akaendelea kuchambua mchele.

Badala ya kufurahi, Koki alizidi kukosa raha. Akawaza: hata hajali nikiuondoa, maana ameshauweka moyoni, na huko msumeno haufiki.

Jumamosi alinunua plaiwudi, sponji, gundi, vifungo na mahameli ya rangi ya bluu, akavitandaza uani juu ya viti viwili. Huko ndiko alikogundua kwamba mbao si bomba. Bomba ukilikata fupi unaliongezea kiungo, mambo yanakwisha. Ubao ukiukata fupi ni mfupi, hata ukiubembeleza. Plaiwudi ya kwanza ikaharibika. Ya pili ilikaa sawa, lakini alipoanza kuvuta mahameli na kuibana kwa stepla, ilikunjamana pembeni kama shati la mlevi.

Mkewe alikuwa akianika nguo. Alivumilia alivyoweza, mwisho akaja, akamwambia anakosea kumaliza upande mmoja kwanza. Aanze katikati huku, kisha katikati kule, na pembe ziwe za mwisho. Akachukua stepla. Akaikandamiza plaiwudi kwa goti, akaikunja pembe ya kitambaa kama bahasha, akaibana mara moja. Haikuwa na mkunjo hata mmoja.

"Nani alikufundisha?" Koki aliuliza, ingawa alijua.

"Si nimekaa na seremala? Ulitaka nijue nini?"

Alisema bila ubaya wowote, akarudi kwenye kamba yake ya nguo. Lakini Koki alikwisha kuwaona: mkewe na marehemu, uani kwao, mmoja anashika mbao, mwingine anapiga msumari, wanacheka. Picha ile haikumtoka tena. Aliendelea kushona vifungo huku sindano ikimchoma vidole, naye hata hasikii.

Alasiri mkewe akaenda dukani. Koki akaingiza mchago mpya chumbani, akafungua skrubu za ule wa zamani, akautoa. Hapo akaona kwamba mchago mpya unahitaji miguu miwili ya mbao ya kuushikilia kitandani, na mbao ya hivyo hakuwa ameinunua. Angeweza kwenda kununua. Duka la mbao halikuwa mbali, na lilikuwa wazi. Alisimama kidogo, akauangalia ule ubao wenye ndege, akautwaa msumeno. Aliupasua kwa urefu wake, katikati, na meno ya msumeno yakapita shingoni mwa yule ndege aliyegeuka.

Mkewe alimkuta anapanguza vumbi la mbao miguuni. Aliinama, akaokota kipande kimoja, akakigeuza mkononi.

"Shingo hii ilinichukua mwezi mzima," alisema.

Koki hakuelewa. Alifikiri homa imemrudia.

"Mimi ndiye niliyewachonga," mkewe akasema. "Si yeye."

Akaketi kitandani, akaanza kueleza, taratibu, kama mtu anayefungua fundo la zamani. Marehemu alikuwa hodari wa kupima na kuunga, hakuna kiti chake kilicholegea. Ila kuchonga mkono ulimkataa. Mkewe ndiye aliyeanza, kwa mchezo tu, kwenye vipande vya kutupwa. Marehemu alipoviona alinyamaza siku nzima. Tangu hapo kila mlango wenye maua na kila kiti chenye nakshi kilipitia kwake, chumba cha ndani, pazia limeshushwa. Mara ya kwanza marehemu alimwomba asimwambie mtu, kwa sababu watu watasema seremala gani huyu anachongewa na mkewe. Baadaye hakuomba tena, alikataza. Siku moja alijisahau akamwambia mteja, na mumewe hakumsemesha mpaka mvua zikaisha.

"Kumbe alikuwa anakuonea wivu," Koki akasema.

"Na wewe ulikuwa unamwonea nani?"

Koki aliketi sakafuni. Akauliza kwa nini hakumwambia, wakati yeye si seremala.

"Dada alipousifu ubao, ulinitazama kama unayemtazama mwizi. Nikajisemea, huyu naye akijua ni mimi, itakuwaje?"

"Lakini ulitabasamu."

"Nilikuwa nasifiwa," mkewe akasema. "Ulitaka nilie?"

Koki aliomba radhi, na radhi haikuja upesi. Alijaribu kuviunganisha vile vipande kwa gundi. Mkewe akamwambia aviache, shingo iliyokatwa haigandishwi. Alinunua mbao nyingine kwa ajili ya miguu. Mchago wa mahameli ukasimama, umeelekea kushoto kidogo, na kusema kweli ulikuwa raha kuegemea. Shemeji alipokuja akauliza ndege wako wapi, Koki ndiye aliyejibu: amewapasua yeye, kwa wivu, na aliyewachonga ni mkewe. Shemeji alimkodolea macho mdogo wake. Nyumbani kwake alikuwa na kabati lenye nakshi, na kwa miaka yote alikuwa akiwaonyesha wageni mkono wa marehemu.

Siku hizi mkewe anachonga barazani, mchana, mbele za watu. Mtaani wameanza kumwita Koki "mume wa mchongaji." Juzi alikuja mwenye duka la samani, mwanamume nadhifu, akasimama akiutazama mlango uliokuwa unamaliziwa, akasifu, akarudia kusifu, mpaka mchongaji mwenyewe akacheka kwa sauti. Koki alikuwa ndani. Alisikia kile kicheko, na ule wivu wa zamani ukamrudia vilevile, haujapungua kitu. Mgeni akauliza kama anaweza kupata pa kukaa. Koki akatoka na viti viwili, kimoja cha mgeni, cha pili akakiweka karibu na mkewe, akakikalia.