Ombi Lako Limetumwa

Jumamosi ile asubuhi Mama Damu alikuwa anapiga pasi sare yake ya maabara mlango ulipogongwa. Alidhani ni msoma mita, lakini msoma mita hagongi kwa ngumi. Alipofungua alikuta mwanamume mwenye vumbi la mbao hadi kwenye kope, ameishika karatasi kana kwamba anataka kuinyonga.

“Wewe ndiye Mama Damu?”

“Ndiye mimi. Karibu ndani.”

“Sikuja kukaribishwa. Soma hii.”

Ilikuwa picha ya ukurasa wa tovuti yake mwenyewe, imechapishwa. Katikati, kwa herufi za kijani alizozichagua yeye, paliandikwa: *Ombi lako limetumwa kwa wachangiaji 214. Tafadhali subiri kupigiwa.* Jumatano, saa nne na dakika kumi asubuhi.

“Nilisubiri,” yule mwanamume alisema. “Mke wangu amejifungua, damu haikomi, nesi ananiambia kundi lake ni adimu, niingie humu. Nikajaza fomu, nikakaa kwenye benchi nimeshika simu. Saa tano, kimya. Saa sita, kimya. Nikajiambia watu mia mbili na kumi na nne, hatakosekana mmoja. Saa saba ndipo nikatoka kukimbia kama kichaa. Saa nane nesi wa dawa za usingizi akatoa damu yake mwenyewe. Mke wangu yupo, na mtoto yupo. Lakini wamemtoa kizazi. Daktari kaniambia waziwazi, damu ingepatikana mapema pengine wasingemtoa. Ungeniandikia huna msaada, ningetoka mbio saa nne ile ile!”

Alimwachia karatasi mkononi, akageuka akaenda zake. Sare iliungua pale pale kwenye meza ya kupigia pasi, mpaka mama mkwe akatoka jikoni kuuliza kulikoni.

Mama Damu alikuwa mpima damu katika hospitali ya upande wa pili wa mji. Jina alilipata kwa wachangiaji, na lilikuwa limeshamshika kiasi kwamba hata mumewe alilitumia. Miaka sita nyuma, baada ya kuchoka kuwaona ndugu za wagonjwa wakizunguka na simu zisizo na salio wakiomba damu kwa watu wasiowajua, alichukua kompyuta mpakato iliyovunjika kioo, akaiweka kwenye rafu ya korido, akaichomeka kwenye intaneti ya nyumbani na betri ya akiba, akaigeuza kuwa seva. Tovuti ilikaa humo, na barua pepe zilitoka humo humo. Mtu mwenye shida anajaza fomu, barua inawaendea wachangiaji wa kundi lake, nao wanampigia. Angeweza kuipeleka kazi hiyo kwa kampuni kubwa za nje, lakini hakutaka. Majina ya watu na makundi yao ya damu, alikuwa akisema, hayalali kwa wageni.

Mama mkwe aliiita kompyuta ile “mgonjwa wenu,” kwa kuwa ilikuwa imelala mchana kutwa, inakoroma kwa feni, na hakuna aliyeruhusiwa kuizima.

Sasa alisimama mbele ya mgonjwa yule. Tovuti ilifunguka vizuri. Barua za kuingia zilikuwa zinaingia, tena mbili za asubuhi hiyo hiyo. Kila kilichoonekana kwa macho kilikuwa kizima. Kisha akatazama foleni ya barua za kutoka, akaona giza. Barua mia saba na ushee zilikuwa zimejipanga humo tangu Jumatatu, hakuna hata moja iliyotoka. Mbele ya kila moja palikuwa na maneno yale yale: nimejaribu, sijajibiwa, nitajaribu tena.

Kulikuwa na maombi mengine mawili wiki ile. Akawapigia wote wawili pale pale, hata hajakaa. Mmoja alikuwa amepata damu kwa binamu zake. Wa pili upasuaji wake ulikuwa wiki ijayo. Akashusha pumzi, na pumzi ile iliposhuka, hasira zikapanda kushika nafasi yake.

“Wamefunga,” alimwambia mumewe, aliyekuwa ameingia na begi lake la vifaa vya umeme. “Watu wa intaneti wamefunga mlango wa kutolea barua. Kila kitu kinapita isipokuwa barua.”

“Una hakika?”

“Nimejaribu kwa kila namna. Barua zinafika kwao zinakufa. Wamefunga, hawakuniambia!”

“Basi twende.”

“Naenda mwenyewe. Wewe utanituliza, na mimi sitaki kutulizwa.”

Ofisi ya kampuni ilikuwa na viti vya rangi ya chungwa na baridi ya kiyoyozi ya kuumiza meno. Alichukua namba, akakaa dakika arobaini akitazama televisheni isiyo na sauti. Kijana wa dirishani alibofya, akatabasamu.

“Mfumo unaonyesha laini yako iko sawa kabisa, mama.”

“Haiko sawa. Mmezuia barua zangu zisitoke.”

“Umejaribu kuzima ruta na kuiwasha?”

Mama Damu aliweka viganja vyote viwili juu ya kaunta. “Mdogo wangu, ukiniambia tena nizime na kuwasha, sauti yangu itasikika mpaka mtaa wa pili. Niitie mkubwa wako.”

Mkubwa alikuja, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kwenye mnyororo. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, na hilo lilimuudhi Mama Damu zaidi, maana alikuwa amejiandaa kukatizwa.

“Dada yangu, matapeli wanaingia kwenye kompyuta za majumbani na kutuma barua chafu, wenyewe hawana habari. Kwa hiyo tangu Jumatatu tumeufunga mlango huo kwa laini zote za nyumbani. Ni laini ya nyumbani hii. Kifungu cha kumi na nne cha mkataba kinakataza kuweka seva.” Aligeuza skrini. Sahihi ya Mama Damu ilikuwa pale, ya miaka sita iliyopita, imelala kizembe kama mtu asiyesoma anachosaini.

“Hata kama. Mtu akifungiwa anaambiwa!”

“Tuliwatangazia wateja wote wiki mbili kabla.”

“Kwa njia gani?”

“Kwa barua pepe. Kwenye anwani tuliyokupa ulipojiunga.”

Mama Damu alicheka kicheko kimoja kikavu, mpaka watu kwenye viti vya chungwa wakageuka. Anwani ile hakuwahi kuifungua hata siku moja. Mtu mwenye seva yake anafungua anwani ya kupewa ya nini?

“Kuna mwanamke ametolewa kizazi,” alisema. “Wakati mnafunga mlango wenu, kuna mwanamke alikuwa anavuja damu.”

Yule mkubwa alivua miwani. “Nasikitika. Kwa kweli nasikitika. Naweza kukuandikia ombi la laini ya biashara. Inachukua wiki tano hivi.”

“Wiki tano!” Alitoka bila kuaga, akatembea kwa miguu njia nzima akizungumza peke yake, akiitunga barua ya malalamiko atakayowapelekea wenye mamlaka, na kila sentensi ilikuwa kali kuliko iliyotangulia.

Alipofika nyumbani, kwanza aliondoa fomu ile, akaweka tangazo jekundu kwamba huduma imesimama, tafuteni damu kwingine. Kisha akakaa kuandika malalamiko. Alitaka kuweka ushahidi wa kila kitu, kwa hiyo akafungua programu ya fomu, ile aliyoiandika kwa mkono wake. Hapo ndipo hasira ilipokosa mahali pa kwenda.

Programu yake ilikuwa inaitupa barua kwenye foleni, na papo hapo inamwandikia mtu: ombi lako limetumwa. Haikungoja kujua kama imetoka. Haikuwahi kungoja, miaka sita yote. Akakumbuka pia kwamba barua ikikwama kwa saa kadhaa, mashine huandika onyo. Maonyo yalikuwapo, mamia kwa mamia, kwenye sanduku alilolitenga mwenyewe ili yasimsumbue.

“Waliofunga ni wao,” mumewe alisema, akisimama nyuma yake.

“Waliofunga ni wao. Aliyemdanganya yule baba ni mimi.”

“Usijibebeshe…”

“Nimekuambia sitaki kutulizwa!”

Mumewe akavuta kiti, akakaa kando yake, wakasoma pamoja mstari kwa mstari, yeye hata asielewe nusu yake.

Jumatatu baada ya kazi alikwenda kwenye karakana ya yule mwanamume, aliyekuwa seremala; namba yake ya simu ilikuwa kwenye fomu, na aliyepokea alikuwa dada yake, akamwelekeza. Alimkuta anapiga randa mguu wa meza. Hakuinua kichwa.

“Kama umeleta pole, rudi nayo.”

“Sikuleta pole. Nimekuja kukuambia ilivyokuwa.”

Akamweleza yote, mlango uliofungwa, mkataba ambao hakuusoma, maonyo aliyoyafungia sandukuni, na yale maneno ya kijani. Hakuruka chochote. Randa ilisimama alipofika kwenye maneno ya kijani.

“Kwa hiyo uliandika limetumwa kabla hujajua kama limetumwa.”

“Ndiyo.”

“Mimi nikimwambia mteja mbao imekauka, na haijakauka, kabati likapinda, najua la kufanya. Nalirudisha, natengeneza jingine.” Alimtazama kwa mara ya kwanza. “Wewe utarudisha nini?”

Vumbi la mbao lilikuwa likishuka polepole katikati yao.

“Sasa unaifunga?” aliuliza seremala.

“Nimeisimamisha. Sijui kama nitaifungua tena.”

“Aa, hapana!” Aliitupa randa mezani. “Mke wangu aliponusurika, nesi aliniambia mwaka jana watu kumi na tisa wamepata damu kwa hiyo hiyo tovuti yako. Ukiifunga kwa sababu yangu, hao watakaokosa utawaweka kwenye kichwa cha nani? Changu? Itengeneze!”

Aliitengeneza. Mchangiaji mmoja aliyekuwa akisimamia mitambo ya chuo alikubali barua za tovuti zipitie kwake mpaka laini ya biashara, ambayo hatimaye aliiomba, iwekwe. Programu ikaandikwa upya: mtu sasa anaambiwa ombi limepokelewa, kisha anaambiwa barua ngapi zimefika, na ndani ya dakika kumi zisipofika, simu ya Mama Damu inalia na mwombaji anaambiwa waziwazi atafute kwingine. Malalamiko aliyapeleka kwa wenye mamlaka, kurasa sita, bila kupunguza ukali. Walimjibu kwamba yamepokelewa. Hajasikia neno jingine hadi leo, na kila akipita chini ya bango la kampuni ile lenye familia inayochekelea simu, anatamani kulitemea mate.

Seremala hakusema amemsamehe, naye hakuuliza. Lakini kila Jumatatu asubuhi fomu moja ya majaribio kutoka karakana huingia kwenye seva, kwenye nafasi ya jina la mgonjwa pameandikwa “Naangalia tu,” na seremala asipopata jibu kwenye simu yake ndani ya dakika kumi, anampigia Mama Damu kazini, bila salamu, na kumuuliza kuna nini.